Je, Mlevi Asiyemgonga Mtu Hana Hatia?



Mwezi huu twataka kuwaandikia juu ya jambo ambalo wengi hulisimulia kwa kicheko, lakini katika nyumba nyingine husimuliwa kwa machozi. Nalo ni hili: mtu amekamatwa usiku na askari wa barabarani akiendesha motokaa hali amelewa. Hakumgonga mtu, hakuvunja ukuta wa mtu, wala hakuanguka mtaroni. Alisimamishwa tu, akapimwa, akapelekwa kituoni. Kulipokucha watu wa nyumbani mwake wakaja kwa mwinjilisti wakamwambia, "Ndugu yetu amepatwa na bahati mbaya." Na yeye mwenyewe, alipokwisha kutolewa kwa dhamana, alisema, "Nimemkosea nani? Nionyesheni mtu niliyemwumiza."

Swali la mtu huyu si dogo, wala si lake peke yake. Twalisikia katika sharika zetu za mjini na za vijijini, kwa mwenye gari kubwa na kwa kijana wa pikipiki vilevile. Basi tutaliangalia kwa utaratibu. Kwanza tutaeleza mambo yatakayompata aliyekamatwa, maana wengi huzidisha mashaka yao kwa kutojua. Kisha tutauliza kama ni kweli kwamba hana hatia. Na mwisho tutauliza imetupasaje sisi kumtendea, na sisi wenyewe tuna sehemu gani katika jambo lake.

1. Mambo yatakayompata

Twanena habari za Tanzania, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wakaa huku. Sheria itumikayo ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hiyo yamkataza mtu kuendesha chombo hali amelemewa na kileo hata asiweze kukitawala sawasawa. Tena yaweka kipimo, nacho ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Waingereza waliweka kipimo kilekile kwao mwaka 1967. Nchi nyingine ni kali zaidi: Ujerumani, walikotoka wengi wa wamisionari waliotuletea Injili, kipimo ni karibu miligramu 50, na Sweden tangu mwaka 1990 ni karibu miligramu 20 tu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba serikali yetu imebuni neno la kuwaonea watu. Mataifa yamejifunza jambo hili polepole, kwa makaburi mengi. Norway ndiyo iliyotangulia kuweka kipimo cha damu kwa sheria, mwaka 1936. Na hata leo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani duniani kwa mwaka mmoja. Si wote wanaouawa na ulevi, lakini ulevi ni mmoja wa wauaji wakubwa katika hao.

Njiani, askari humwambia dereva apulize pumzi katika kipima ulevi. Hapo huja jaribu la kwanza, nalo ni kubwa kuliko aibu yenyewe. Mkono waenda mfukoni. Sauti yasema, "Mzee, tuyamalize hapahapa." Ndugu, fahamuni ya kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humhesabia kosa atoaye na apokeaye pia. Aliyekuwa na kosa moja sasa ana mawili, na amemvuta mwenziwe katika la pili. Tena, akifanikiwa kununua njia, atarudi kwenye usukani na ulevi wake, na giza bado li mbele yake. Amelipa fedha ili apewe ruhusa ya kumwua mtu kilomita tatu mbele.

Kituoni, aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, ya kuwapasha habari ndugu zake au wakili, na ya kunyamaza asitoe maelezo akipenda. Akitoa maelezo yakaandikwa, na ayasome kwanza kabla ya kutia sahihi. Na asiyejua kusoma, na asomewe. Ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, kosa la namna hii huruhusu apewe dhamana hapo kituoni. Dhamana haiuzwi, anayedai malipo kwa ajili ya dhamana anadai rushwa. Wadhamini waje na vitambulisho vyao, tena na barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa au kijiji, maana mara nyingi hilo ndilo linalokosekana, na mtu hulala ndani usiku wa pili kwa ajili ya karatasi moja.

Mahakamani, atasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Akikiri, ataelezwa mambo yalivyokuwa, na kama akubali, hakimu atatoa hukumu. Akikana, mashahidi wataitwa, na shauri laweza kuchukua miezi. Mpaka hapo mtu asimwite mhalifu, maana Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Akionekana ana hatia, aweza kutozwa faini, au kufungwa, na mahakama yaweza kumnyang'anya leseni. Asiye na fedha za wakili na aulize msaada wa kisheria, kwa kuwa tangu mwaka 2017 nchi ina sheria ya msaada huo kwa ajili ya wasiojiweza. Kama alikuwa dereva wa kuajiriwa, na ajue ya kuwa kazi yake yaweza kwenda pamoja na leseni. Na kama gari limeharibika, asiitegemee sana bima, maana mikataba mingi ya bima hukataa kulipa gari la aliyeliharibu katika ulevi.

Neno moja zaidi, nalo ni la mwili. Wengi hudhani kwamba kahawa kali, au maji baridi kichwani, au usingizi wa saa mbili garini, humwondolea mtu kileo. Sivyo. Ini ndilo lisafishalo damu, nalo lina mwendo wake. Kwa watu wengi ni kama miligramu 15 kwa saa, wala halifanyi haraka kwa kuhimizwa. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mtu atokaye arusini saa sita usiku akiwa na miligramu 150 katika damu, saa moja asubuhi, kengele ya ibada ya kwanza ilipolia, bado ana kama miligramu 45. Yuko chini ya kipimo cha sheria, lakini pombe bado i damuni mwake, naye amewapakia watoto garini kuwapeleka kanisani. Itakuwa saa nne asubuhi kabla damu yake haijawa safi.

2. Je, hana hatia?

Sasa turudi kwenye swali lake: "Nimemkosea nani?"

Tuwafikirie watu wawili, tusiwape majina. Wametoka katika karamu moja, wamekunywa sawasawa, magari yao ni ya namna moja, nao wapita barabara moja. Wa kwanza afika kwake, afungua lango, alala. Wa pili, mahali palepale alipopita mwenziwe dakika tano kabla, amkuta mtoto aliyemfuata mbuzi wake akikatiza barabara, naye amwua. Asubuhi wa kwanza yuko kanisani, aimba. Wa pili yuko rumande, na jina lake limekuwa uchafu midomoni mwa watu. Twauliza: mioyo ya hawa wawili ilitofautiana nini? Hakuna. Wote wawili waliwasha gari wakijua. Tofauti yao ilikuwa miguu ya mtoto, nayo haikuwa mali yao. Basi, je, twaweza kumwita wa kwanza mwema kwa sababu ya wema usiokuwa wake?

Torati yatufundisha hapa kwa mifano miwili ambayo kila mkulima na kila fundi aweza kuielewa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa habari ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo akamwua mtu, mwenyewe hahesabiwi damu. Lakini kama alijulikana kuwa hupiga, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, basi hatia yamwangukia mwenye ng'ombe. Ndugu, kileo katika kichwa cha dereva ni ng'ombe aliyekwisha kujulikana. Hakuna mtu mzima katika nchi hii asiyeonywa. Redio imemwonya, mabango yamemwonya, misalaba kandokando ya barabara imemwonya. Anayemfungulia ng'ombe huyo usiku asiseme kesho kwamba hakujua.

Mfano wa pili u katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Ajengaye nyumba ya dari ameamriwa kuweka ukuta mdogo kuizunguka dari, mtu asije akaanguka. Angalieni vizuri: amri hii haikungoja mtu aanguke. Mwenye nyumba aliyeacha kujenga ukuta amekwisha kuivunja sheria, hata kama kwa miaka kumi hakuna aliyeanguka. Kosa lake li katika kuwaweka watoto wa jirani mahali pa kufa, akaendelea na shughuli zake kana kwamba uhai wao si kitu. Hivi ndivyo ilivyo kwa dereva mlevi asiyegonga. Akiuliza amemkosea nani, jibu ni hili: amemkosea kila mtu aliyekuwa barabarani usiku ule. Amemkosea mama aliyetoka zamu hospitalini, na mzee mwenye baiskeli isiyo na taa, na kijana aliyesukuma mkokoteni wa ndizi kwenda sokoni alfajiri. Aliwachukua wote akawaweka rehani bila kuwauliza. Kwamba rehani haikuchukuliwa si sifa yake.

Hapo mwingine atasema, "Lakini hakuwa yeye, ilikuwa pombe. Mlevi hana akili. Mtamhukumuje asiye na akili?" Neno hili ni la zamani sana. Aristotle, mwalimu wa Wayunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, asimulia juu ya Pittacus, mtawala wa mji wa Mytilene, aliyeweka sheria kwamba akosaye akiwa amelewa aadhibiwe kuliko akosaye akiwa na akili zake. Watu hudhani ulevi ni udhuru. Naye Aristotle aeleza kwamba mlevi alikuwa na uwezo wa kutolewa. Chanzo cha kutojua kwake ni yeye mwenyewe. Hatusemi kwamba sheria za wapagani ni Injili. Lakini hapa waliona sawasawa. Kosa la dereva mlevi halikutendwa saa sita usiku, alipokuwa haoni vizuri. Lilitendwa saa kumi na mbili jioni, alipokuwa na akili zote, alipouweka ufunguo wa gari mfukoni akaenda mahali pa kunywa, wala hakujiuliza atarudije. Saa ile hakuna pombe iliyomshika. Saa ile alikuwa yeye.

Basi twasema wazi: asiyemgonga mtu anayo hatia, na hatia yake mbele za Mungu ni moja na ya yule aliyegonga.

Lakini twasikia mtu akitujibu, "Kama hatia ni moja, mbona serikali humwadhibu aliyeua kuliko aliyefika salama? Je, sheria ni dhalimu?" Swali hili ni zuri, nasi tumelifikiri sana. Jibu letu ni kwamba yatupasa kutofautisha hatia na deni. Hatia ni ya moyo, nayo ilikuwa sawa. Deni ni la yale yaliyoharibika, nalo halikuwa sawa. Aliyeua ana deni kwa mama aliyefiwa, kwa kiti kisicho na mtu darasani, kwa kaburi jipya shambani. Deni hilo lapaswa kutajwa hadharani na kubebwa, wala serikali haiwezi kumtazama mama yule usoni na kumwambia kwamba mtoto wake hakuongeza kitu katika shauri. Kwa hiyo twakubali kwamba hukumu ya dunia itofautiane. Lakini hukumu ya dunia ikiwa nyepesi, mtu asidhani kwamba hatia nayo imekuwa nyepesi. Faini yamaliza deni lake kwa serikali. Haijamwosha.

Na hapa twaliona neno "bahati mbaya" jinsi lilivyo potovu. Kukamatwa kwa mtu huyu si bahati mbaya. Bahati mbaya, kama twataka kulitumia neno hilo, ingekuwa kutokukamatwa.

3. Akiri, au anyamaze?

Walimu wengine wametuuliza, "Mkristo aliyekamatwa, naye ajua kwamba alikunywa, afanyeje mbele ya askari na hakimu? Akinyamaza, je, si kuficha dhambi?"

Twajibu hivi. Kunyamaza ambako sheria imeruhusu si uongo. Mtu aweza kungoja apate shauri la wakili, na aweza kutaka kipimo kithibitishwe kama ana shaka ya kweli juu yake, kwa kuwa vyombo hukosea na watu hukosea. Lakini kutunga hadithi, kumnunua shahidi, kumtuma mtu aende "kuongea" na mwendesha mashtaka, kumweka ndugu maskini aseme yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, hayo yote ni dhambi mpya juu ya ile ya kwanza, na mara nyingi ni mbaya kuliko ile. Na ikiwa ajua moyoni kwamba shtaka ni kweli, wala hana shaka yo yote, twamshauri akiri. Mnyang'anyi aliyesulubiwa mkono wa Bwana alikubali kwamba apata malipo ya haki ya matendo yake, na kukubali huko kulikuwa mlango wake. Mwenye kukiri huanza kupona siku ile ile. Mwenye kukana hungoja miezi, akiutunza uongo wake kama mgonjwa atunzavyo donda lisilofunguliwa.

Wachungaji nao wakumbuke jambo hili: alichoungamiwa mchungaji kwa siri si habari ya kituoni, wala ya wazee, wala ya mkewe mchungaji.

4. Usharika na mtu huyu

Sasa twafikia neno lililo gumu kwetu sisi. Siku hizi twaona makosa mawili katika sharika zetu.

Kosa la kwanza ni kulifunika jambo. Mtu huyu ni mzee wa kanisa. Mwaka jana alitoa mabati. Gari lake ndilo limchukualo mgeni akija. Basi watu wasema, "Tusimwabishe." Lakini mwezi uleule kijana wa pikipiki alikamatwa kwa kosa lilelile, na jina lake likasomwa mbele ya watu. Mambo haya watoto wetu huyaona, na kutokana nayo hujifunza kwamba kanisani mizani ni miwili. Kama kuna nidhamu, iwe moja. Aliye na huduma na aiweke chini kwa muda, mwenye mabati na asiye na mabati, wala si kwa kulipiza, bali apate nafasi ya kutubu bila kujifanya.

Kosa la pili ni kumtupa. Amekwisha kulipa faini, amekwisha kukosa leseni, naye kila akipita watu wanyamaza. Usharika wakawa mahakama ya pili, isiyo na wakili wala rufani, na kifungo kisicho na mwisho. Ndugu, hukumu ya kuadhibu imekabidhiwa serikali. Kazi yetu sisi ni kumwita atubu, na akitubu, kumtangazia ondoleo la dhambi kwa kweli, si kwa nusu. Zakayo alipotubu hakuambiwa asubiri watu wamsahau. Aliamua kurudisha alivyodhulumu, na Bwana akasema ya kuwa wokovu umefika nyumbani mwake siku iyo hiyo. Na huyu wetu naye aonyeshe toba yake kwa matendo yanayofanana na kosa lake: auache usukani kwa muda hata kama sheria haikumlazimisha, awaambie vijana wa kipaimara ukweli wa usiku ule, au awe dereva asiyekunywa katika arusi za wenziwe.

Tena, na tuangalie kama kinywaji kimekwisha kumfunga. Wako watu ambao kwao ulevi si anasa tena, bali ni ugonjwa ulioshika mwili na nafsi. Huyo asiambiwe tu, "Acha." Na apelekwe hospitalini. Twatia mkazo juu ya neno hili, kwa kuwa aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafula aweza kupata mtetemo, kuchanganyikiwa, na kifafa, hata kufa. Mganga awe pamoja naye katika siku zile za kwanza, na maombi yetu yawe pamoja na wote wawili.

Lakini kabla hatujamwita mtu huyu mbele ya wazee, yatupasa tujiulize swali moja. Usiku ule alikuwa wapi? Mara nyingi hakuwa kilabuni kwa watu wasiojulikana. Alikuwa katika arusi yetu, au katika kikao cha ukoo, au katika karamu ya kipaimara ya mtoto wetu. Ni sisi tuliomjazia mbege, au rubisi, au chupa kutoka dukani. Ni sisi tuliomwona anayumba akitafuta ufunguo. Tulicheka, tukamwambia, "Shikamoo mzee, nenda polepole," tukafunga lango. Kamati ya arusi ilipanga bajeti ya vinywaji kwa hesabu ndefu, lakini hapakuwa na mtu wa kamati aliyeandika neno moja juu ya jinsi wageni watakavyorudi kwao. Mwenye dari isiyo na ukuta ni nani hapo? Sisi tuliojenga karamu ile ndio tulioacha ukuta.

Hatuandiki haya kumpunguzia mtu yule hatia yake. Hatia haigawanyiki kama mkate, kila mmoja akapata kipande kidogo. Yake ni yake kamili, na yetu ni yetu kamili. Twaandika ili wazee watakaoketi kumwuliza waketi kama watu waliokwisha kujiuliza.

5. Punda wa Balaamu

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, twasoma habari ya Balaamu aliyesafiri juu ya punda wake. Malaika mwenye upanga alisimama njiani, na Balaamu hakumwona, bali punda alimwona. Mara tatu punda akakataa kwenda, na mara tatu Balaamu akampiga, akiona kwamba ameaibishwa mbele za watu. Baadaye macho yake yalifunguliwa, akajua kwamba mnyama yule aliyempiga ndiye aliyemwokoa asife.

Twamwambia ndugu yetu aliyekamatwa: umekasirika na askari, umekasirika na kipima ulevi, umekasirika na majirani waliojua. Lakini tazama tena njia ile. Kilomita tatu mbele yako palikuwa na nini? Wewe hujui, wala sisi hatujui. Ulizuiwa. Mwenzio hakuzuiwa, na leo angetoa shamba lake lote ili apewe usiku mmoja kama wako, wa kituo cha baridi na aibu ya asubuhi. Usimpige punda.

Ndugu wapendwa, mwezi wa Desemba umekaribia. Watu wetu watapanda kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, kwenda Arusha, kwenda Pare na Usambara, wengine watavuka nchi mpaka Bukoba, na barabara itajaa magari mchana na usiku. Arusi ni nyingi, na kipaimara, na vikao vya koo. Twawaomba walimu na wazee wasome maneno haya pamoja na kamati za sherehe kabla Majilio hayajaanza, wakaamue mambo matatu mepesi: wawepo madereva wasiokunywa, wanaojulikana kwa majina, pawepo mahali pa kulala kwa asiyeweza kurudi, na awepo mtu mmoja mwenye heshima langoni, ambaye hataogopa kumwambia hata mjomba wake, "Shikamoo mjomba, naomba ufunguo."

Mjomba atakasirika usiku. Asubuhi atakuja kuuchukua ufunguo wake, naye atakuwa hai, na mtoto wa jirani atakuwa amekwisha kupita na mbuzi wake kwenda malishoni.

Bwana awalinde katika kutoka kwenu na katika kuingia kwenu. Amina.